Namna ya Kumlilia Mnyonya Damu Bila Kuaibika, Kuanzia Kitale Hadi Bungoma

Anza na hali ya hewa. Filamu za mapenzi ya wanyonya damu hazitazamwi jua likiwaka, na hapo ndipo watu wa Bungoma tunapokosea. Ukiwa Kanduyi saa nane mchana, mabati yakilia kwa joto na trela za Malaba zikipiga honi, huwezi kumwonea huruma kijana anayeteseka katikati ya ukungu. Panda matatu, pitia Webuye na Kiminini, nenda Kitale. Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mvua huingia baada ya chakula cha mchana bila kuomba ruhusa. Jioni ukungu hushuka, mashamba ya mahindi yanapotea, na mtu anayepita barabarani na koti la mvua huwezi kujua kama ni jirani yako au ni kiumbe wa karne iliyopita. Hapo sasa washa televisheni.

Filamu ninayoizungumzia ni Twilight, ya mwaka 2008. Ziko nyingine za ukoo huo. Kuna Dracula ya Francis Ford Coppola ya 1992, yenye mavazi ya kutosha kuvalisha kwaya nzima, na kuna Only Lovers Left Alive ya Jim Jarmusch ya 2013, ambamo Tilda Swinton na Tom Hiddleston wanazurura usiku Detroit na Tangier wakiwa wamechoshwa na binadamu wote. Hizo tuwaachie wenye digrii. Twilight ndiyo yetu, kwa kuwa inatokea katika mji mdogo wenye mvua, msitu, shule ambayo kila mtu anamjua kila mtu, na mkuu wa polisi anayekula kwenye mkahawa uleule kila wiki. Mji huo ni Forks, jimbo la Washington, Marekani. Umeishi kwa mbao. Wetu unaishi kwa mahindi. Stephenie Meyer, aliyetoa kitabu mwaka 2005, alikuwa hajawahi kufika huko alipokuwa akiandika. Alitafuta kwenye intaneti mahali penye mvua nyingi Marekani, akapata Forks. Angepanua utafutaji kidogo tu angetua Kakamega. Mwongozaji, Catherine Hardwicke, naye aliipaka picha rangi hadi kila uso ukawa kama shati jeupe lililosahauliwa kwenye beseni la buluu.

Sasa kuhusu kuipata. Mtu mzima mwenye heshima zake haingii duka la muvi karibu na steji akaitaja kwa jina. Unasimama kwanza, unauliza bei ya kuwekewa za vita kwenye flashi, unasifu za Kikorea, kisha, mguu mmoja ukiwa tayari nje, unasema: “Niwekee pia ile ya mavampaya. Ni ya mpwa wangu.”

“Zote tano?”

“Weka tu zote.”

“Na huyo mpwa wako si alizichukua Desemba, madam?”

Lipa. Usijibu.

Hakikisha ni nakala isiyoguswa. Upande wa pili wa mpaka, Uganda, kuna vijei, wale mafundi wanaozungumza juu ya filamu nzima kwa Kiganda, kazi ambayo akina VJ Jingo waliijengea jina; na sisi tuna DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Kwa filamu ya ngumi hakuna raha inayozidi hiyo. Lakini Twilight ni filamu ya watu kutazamana. Edward, yule mnyonya damu, anamwangalia Bella, msichana wa shule, Bella anaangalia viatu, upepo unapita, dakika inakwisha. Msimulizi hawezi kuvumilia kimya cha namna hiyo; atakijaza. Atampa Edward madeni, atampa Bella mjomba Mbale, na mwisho utakuwa umetazama hadithi nyingine kabisa, pengine nzuri zaidi. Kama nia yako ni kulia, kimya unakihitaji.

Tukio la kwanza la kujiandaa nalo ni lile la darasa la bayolojia. Bella Swan, anayeigizwa na Kristen Stewart, amehamia Forks kuishi na babake. Anaingia darasani, feni inapeperusha nywele zake, na Edward Cullen, yaani Robert Pattinson, anaziba pua na mdomo kwa mkono na kukunja uso kana kwamba choo kimefunguliwa. Huo ndio mwanzo wa mapenzi. Msichana wa shule ya kutwa Kitale, mvulana akimfanyia hivyo, harudi nyumbani kuwaza usiku kucha. Anarudi kuoga, na kesho yake anaomba kuhamishiwa dawati lingine. Ukitazama na mabinti wadogo, waeleze mapema kwamba damu ya Bella inamnukia Edward vizuri kupita kiasi, ndiyo maana anajizuia. Wataguna. Waache wagune, hayo ndiyo maelezo tuliyo nayo.

Inashauriwa kutazama peke yako. Najua haiwezekani. Bungoma hakuna anayetazama kitu peke yake, na ukiwa umeenda kwa bibi wikendi, televisheni iko sebuleni, sebule ina makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kochi linalotazamana na televisheni ni la bibi huyo, Kukhu. Usimfukuze. Panga majibu, hasa ya pale Edward anapotokea usiku chumbani kwa Bella.

“Huyu amepitia wapi?”

“Dirishani, Kukhu.”

“Na babake msichana yuko wapi?”

“Yuko humo humo ndani. Ni polisi.”

“Polisi.” Akanyamaza kidogo. “Kijana anataka nini?”

“Anamwangalia tu akilala.”

“Leo?”

“Ni miezi sasa, Kukhu.”

“Na yeye analala saa ngapi?”

“Halali. Watu wa kwao huwa hawalali.”

Kukhu akageuka kuangalia kama mlango wa jikoni umefungwa.

Elewa anachokiona. Kijana hajitokezi jua likiwaka, usiku halali, anapanda miti mbio akiwa amebeba mtu mgongoni, na anaingia kwenye boma la watu bila kubisha hodi. Bungoma viumbe wa aina hii hatuhitaji kuwaagiza kutoka Marekani. Ni balosi, wale wanaosemwa kukimbia usiku na kurusha mchanga juu ya mabati, na kila kijiji kina familia inayotajwa kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewahi kufikiria kuwatungia muziki wa piano. Dirisha lenyewe, isitoshe, lina grili, na nyuma ya grili kuna neti iliyochomekwa chini ya godoro pande zote nne. Edward angefika kitandani kukiwa kumekucha. Mnyonya damu anayepita hapo ni mmoja tu, mbu jike wa anofelesi, ambaye anaitaka damu kwa ajili ya mayai yake na haombi kueleweka.

Chakula ni mtihani mkubwa kuliko dirisha. Edward anampeleka Bella nyumbani kumtambulisha, na familia ya wanyonya damu iko jikoni inapika vyakula vya Kiitaliano, kwa heshima ya mgeni. Ni jambo jema. Kisha Edward anasema mgeni ameshakula. Rosalie, dada yake, anapasua bakuli la saladi kwa mikono. Filamu inataka tumwone Rosalie kuwa mkali na mwenye wivu. Kukhu, kwa mara ya kwanza jioni hiyo, alikuwa upande wa wanyonya damu. “Huyu msichana ana haki,” alisema. “Mtu hawezi kupikiwa halafu aseme ameshakula.” Kwetu kuku akishakamatwa umekula, hata kama umetoka kula kwa jirani, hata kama tumbo linakuuma, unashika mnofu, unamega ugali, unasifu.

Lakini kilichomsumbua hakikuwa bakuli. Ilikuwa kwamba waliopika hawakuwa na nia ya kula. Watu saba wenye afya zao, jiko linang'aa halijawahi kuungua sufuria, na hakuna sahani ya mwenyeji. Anayekukaribisha huonja kwanza mbele yako, busaa au chai, ili ujue mnakufa au mnapona pamoja. Mwenyeji anayekutazama ukila huku mikono yake iko mapajani amekwisha kujieleza. Usijaribu kuwatetea akina Cullen kwa kusema wao wanajiita walaji mboga. Kukhu ataomba kuiona mboga.

Maana yake, kwa waliosahau, ni kwamba wanakunywa damu ya wanyama tu, na filamu inalichukulia hilo kuwa mzigo mkubwa wa maadili. Ukitazama ukiwa Kitale, mzigo unapungua. Panda kidogo kaskazini kwa Wapokot, au magharibi mlimani kwa Wasabaot: damu ya ng'ombe iliyotolewa shingoni kwa mshale na kuchanganywa na maziwa ni chakula cha jadi. Ng'ombe anabaki hai, mnywaji anarudi kazini, na hakuna anayesimama msituni akijiuliza kama ana roho. Na pale mjini, giza likiingia, mwenye mutura yuko kwenye kona yake. Mtazame anavyofanya kazi. Mutura imejikunja juu ya wavu, nyeusi, inatoa mafuta yanayolipuka kwenye makaa. Anaigeuza kwa vidole visivyosikia moto, anaishusha kwenye ubao uliobonyea katikati kwa miaka ya kisu, anakata vipande vya unene mmoja bila kuangalia, chumvi pembeni, kachumbari ya pilipili juu. Ndani ni nyama iliyokatwakatwa, damu, kitunguu na dania. Wateja wanakula wakiwa wamesimama gizani, hawasemi mengi, hawatazamani usoni. Familia ya Cullen ingeishi Kitale miaka hamsini bila mtu kuishuku. Edward angefika na koti lake la kijivu, aagize ya hamsini, na kitu pekee kitakachoshangaza watu ni kwamba amekataa kachumbari.

Onyo: usimlete Bungoma mwezi wa Agosti katika mwaka wa shufwa. Ni msimu wa Wabukusu kutahiri. Alfajiri mtahiriwa anarudi kutoka mtoni akiwa amepakwa tope mwili mzima, umati nyuma yake, anasimama uani kwa babake, macho mbele, hapepesi, na omukhebi, yaani mtahiri, anafanya kazi yake hadharani. Boma hili, boma lile, kijiji kile, asubuhi moja. Katika filamu ya pili Bella anajikata kidole kwa karatasi ya zawadi, tone moja tu, na Jasper wa ukoo wa Cullen anamrukia sebuleni. Jasper asingefika Chwele.

Suala la umri nalo lina adabu zake. Edward alizaliwa 1901, na mwaka 1918 alikuwa anakufa Chicago kwa homa kuu ya mafua, ileile iliyoshuka na meli Mombasa mwaka huohuo ikatumaliza na sisi, ndipo Daktari Carlisle, baba wa akina Cullen, akamgeuza mnyonya damu. Tangu hapo ana miaka 17. Sasa, 1918 ni mwaka wa shufwa. Marika ya Wabukusu ni manane na majina yake yanazunguka. Jina likipita hurudi baada ya karne hivi. Yaani wenzake Edward wangekuwa wamezeeka, wamezikwa, na jina lao limeshapewa vijana wanaopiga picha za simu. Angekaa na nani kwenye busaa, wazee au vitukuu? Na ni nani angemwamkia mwenzake? Nilipomwambia Kukhu kwamba kijana ana zaidi ya miaka mia, alinyoosha miguu. “Basi ni kuka yangu huyo, babu kabisa. Na anamfuata mtoto wa shule.”

Serikali pia ingemchosha. Miaka 17 ya milele ni kukosa kitambulisho milele, na bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti, hukopi hata shilingi. Kwao wametundika kofia za mahafali ukutani kama mzaha, kwa kuwa wamemaliza sekondari mara nyingi. Mzazi anayelipa karo hacheki hapo. Watoto watano, wanarudia kidato cha nne vizazi na vizazi, na anayeleta mshahara ni baba peke yake.

Radi ikipiga, zima. Akina Cullen husubiri ngurumo ndipo watoke kucheza besiboli. Sisi huchomoa waya na kufunika kioo cha ukutani.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hupaswi kumkaribisha: mzee aliyelelewa na habari za wazimamoto. Kabla ya hawa wa sinema, Afrika Mashariki ilikuwa na wanyonya damu wake. Pwani na Tanganyika waliitwa mumiani. Nairobi, Kampala na huku magharibi walikuwa wazimamoto: watu wa serikali ya mkoloni, wenye sare na magari, walioaminika kukamata watu usiku, kuwatia shimoni na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo, nyingine akisimuliwa Siaya na Kampala, akazichapa mwaka 2000 katika kitabu Speaking with Vampires. Hakuhangaika na swali la kama kuna aliyetolewa damu kweli. Alitaka kujua kwa nini watu wengi namna ile, waliokuwa wakifanya kazi za mshahara, wakiyaona magari na sindano kwa mara ya kwanza, waliona hadithi hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kinachowapata.

Jirani yetu mmoja wa Kitale, mzee ambaye babake alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu enzi zile ardhi ya Trans Nzoia ilipokuwa ya wazungu, aliingia filamu ikiwa katikati. Tukamweleza kwamba kijana ni mnyonya damu lakini ni mwema, anateseka, hataki kunywa. Akatazama. Akauliza lile gari la rangi ya fedha ni la nani. La kijana. Na ile nyumba ya vioo msituni? Yao.

“Na pesa walitoa wapi?”

Hakuna aliyemjibu. Akamaliza chai, akashukuru, akaenda zake.

Baada ya hapo kulia ni kazi, lakini inawezekana, na hii ndiyo mbinu. Usitafute machozi kwenye uzuri wa Edward, wala kwenye ile ngozi inayometameta juani, ambayo jua la Bungoma lingeifanya ionekane kutoka Webuye. Yatafute karibu na mwisho, Bella akiwa ameng'atwa na mnyonya damu mwingine na sumu inapanda mkononi. Edward inambidi ainyonye itoke, damu yenyewe anayoitamani tangu darasa la bayolojia iko kinywani, na lazima aache kabla hajammaliza. Anaacha. Filamu ina dakika 122 na kitu pekee kinachotokea ndani yake ni hicho: mwenye uwezo wa kuchukua kila kitu anajizuia. Wazimamoto hawakujizuia. Mwenye shamba hakujizuia. Wa leo wenye magari makubwa sijawasikia wakijizuia. Mimi koo hunikaba hapo, kila mara, na yule mpwa wangu wa kubuni hunielewa. Katika Eclipse ya 2010 Edward anakwenda mbali zaidi na kukataa kulala na Bella kabla ya harusi. Meyer ni Mmormoni, na inaonekana. Mchungaji wa vijana angemtumia kwenye semina, kama si yale ya dirishani.

Ukikamatwa unalia, usisingizie vitunguu, hakuna anayekata vitunguu mbele ya televisheni. Singizia moshi. Kama umetazamia kwenye nyumba ya gesi, singizia homa ya mafua, kisha piga chafya mara moja kwa ushahidi.

Wapo wanaozidiwa na hisia hadi wakataka kwenda mahali penye giza na popo. Popo tunao: pita Endebess, ingia lango la Chorlim, Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, utaonyeshwa pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimba mwamba kwa pembe ili walambe chumvi. Tembo ndio wa kuwaonea fahari. Popo wa huku hula matunda au wadudu. Wale wanaokunywa damu wako mabara ya Amerika pekee. Ila watu wawili waliowahi kuingia Kitum, mmoja 1980 na mwingine 1987, waliugua virusi vya Marburg na kufa, na popo wa matunda walikuja kuthibitishwa kuwa wanavibeba. Huzunika sebuleni.

Kesho yake wekeni ya pili, New Moon, ya 2009, mkijua kwamba Edward anaondoka mapema, eti kwa kumlinda msichana, na Bella anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha miezi ikipita. Waliokuja kumwona Pattinson watalalamika. Anayeingia ni Jacob Black, yaani Taylor Lautner, kijana wa Waquileute, wenyeji wa pwani iliyo karibu na Forks. Ana baba. Ana wenzake. Mwili wake una joto, anakula, na anajua kufufua pikipiki kuukuu hadi ingurume. Kwamba akikasirika hugeuka mbwa mwitu, Kukhu alilichukulia kuwa kasoro ya ukoo, ya kuongelewa na wazee.

“Huyu wa pikipiki ameshatuma watu kwao?”

“Bado, Kukhu.”

“Mwambie aharakishe. Yule mwingine bado anajua dirisha liko wapi.”